Gunia la Mchanga Liitwalo Heshima

Vijana wangu wa gereji, lile gunia la mchanga linaloning'inia nyuma ya mlango, mlilolipaka neno HESHIMA upya kwa rangi nyekundu nilipokuwa likizo, lina asili yake. Kila mnapopima springi ya nyuma mnalifunga juu ya kiti kwa sababu nilisema lifungwe, na hamkuwahi kuniuliza kwa nini. Wala sikuwaeleza. Mtu mwenye spana mkononi hana nafasi ya hadithi. Sasa nimestaafu, nina kiti cha plastiki na kivuli cha ukuta, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza. Zamu ni yenu.

Nilianza kazi kwa Mzee Harbans, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Kisumu, mwenye karakana ya pikipiki upande wa viwandani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Dholuo chake, yaani Kijaluo, kilinyooka kuliko changu, na mara mbili aliwahi kunisahihisha methali za nyanya yangu. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya, nikijua nitafungua injini kabla ya saa ya chai. Akanielekeza kwenye pikipiki moja ndefu ya njia mbovu, ile yenye tairi la meno na madigadi iliyo juu kama mkia wa jogoo.

"Panda."

Nikapanda.

"Shuka. Panda tena. Sasa shika hii." Akanitupia gunia la mchanga nilipakate.

"Mzee, kwani mimi nafanya kazi gani hapa?"

"Wewe leo ni Padri," akasema, huku ameinama nyuma ya gurudumu na futi ya fundi nguo. "Padri ni mkubwa, wewe ni mdogo. Shika mchanga, kuwa Padri."

Mwenye pikipiki alikuwa padri mmoja mnene wa huko milimani, na alikuwa amekwenda zake mjini. Mzee alishapima jinsi pikipiki ilivyoshuka padri alipoikalia, kwa hiyo sasa alikuwa anaongeza mchanga juu yangu mpaka ishuke vile vile, apate kufanya kazi bila kumweka mtu wa Mungu juani. Nilishinda padri mpaka jioni. Mgongo uliniuma siku tatu na ovaroli haikupata hata tone la oili.

Nilimwuliza kwa nini hakumwuliza padri kilo zake, yakaisha.

"Mtu wa kawaida ukiuliza kilo, atakuambia za siku ya harusi," akanijibu. "Padri hana harusi, atakuambia za siku ya upadri. Wewe uliza pikipiki. Pikipiki haina aibu."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyopewa katika kazi hii, na mpaka leo sijapata nyingine iliyoishinda. Huku kwetu ziwani mwili mkubwa ni dalili kwamba mtu anakula vizuri, kwa hiyo kuna wanaume watakaokuongezea kilo ili wakutishe, na kuna wengine watakaopunguza kwa sababu daktari amewakataza nyama. Ukifunga springi kwa maneno ya mteja umefunga uvumi.

Kwa hiyo mnapima. Mnajua jinsi ya kupima lakini acha niseme tena, uzee una ruhusa hiyo. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie hewani, upime kutoka kwenye ekseli kwenda juu moja kwa moja mpaka alama kwenye madigadi. Ishushe isimame peke yake kwa magurudumu yake, upime tena. Kisha mwenyewe apande na kila kitu chake, helmeti, gambuti, begi, akae pale anapokaa siku zote, si pale anapokaa akitazamwa. Pima mara ya tatu. Ikikaliwa, pikipiki ya aina hii hushuka kama theluthi ya nafasi yote iliyo nayo ya kushuka. Ikisimama peke yake hushuka vidole viwili hivi. Ikishuka mno chini ya mtu, unazungusha ile pete yenye meno iliyo juu ya shokapu, springi inabanwa, na nyuma inapanda. Lakini kwanza safisha nyuzi za pete kwa brashi na dizeli, na ulegeze pete ya kufungia. Nimeona mafundi wakubwa wakigonga pete kwa bisibisi na nyundo mpaka meno yakaisha, halafu wanalaumu kiwanda.

Mzee Harbans hakuruhusu nyundo karibu na shokapu. Alinichongea spana yangu mwenyewe, ile ya ndoano, kutoka kwa chuma cha springi ya lori iliyokufa. Aliisugua kwa tupa wiki nzima wakati wa chai. Ilipokwisha aliiweka tu juu ya sanduku langu la vifaa akaenda kunawa. Nilifurahi nikashindwa kula siku hiyo. Nimefanya kazi na spana hiyo maisha yangu yote.

Baadaye nilihamia kwenye hili shirika letu la afya, ambalo lilikuwa na pikipiki nyingi za njia mbovu kwa ajili ya manesi na maafisa wa vijijini, kuanzia Port Victoria mpaka tambarare ya Kano. Hapo ndipo nilipokutana na Sista Atieno, na hapo ndipo gunia linapoingia.

Sista Atieno alikuwa nesi wa chanjo. Makao yake yalikuwa Awasi, na eneo lake lilishuka kutoka hapo likakata tambarare mpaka vijiji vya ufukweni, njia ya udongo mweusi ambao ukinyeshewa unashika gurudumu kama ugali wa moto. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, na kicheko chake kilimtangulia kuingia gereji. Juu ya pikipiki alikuwa hodari kuliko wanaume wote wa shirika. Sisemi hivi kwa sababu ni rafiki yangu. Nilimfuata nyuma na nikaona.

Shida yake ilikuwa shokapu ya nyuma. Alizimaliza. Alikuja mara ya kwanza oili imetapakaa mpaka kwenye tairi, akaja mara ya pili vile vile, na chini ya madigadi tairi lilikuwa limesugua mpaka plastiki ikang'aa.

"Fundi, hii pikipiki yako inanikalia vibaya," akaniambia.

"Sista, si ni wewe umeikalia?"

"Wee! Ukiongea hivyo sikuletei samaki." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini kweli, omera, mbele inakuwa nyepesi. Juzi kwa mtaro ya Kano imeninyima usukani nikaanguka. Chanjo haikumwagika, lakini goti yangu imejua."

Ukiona nyuma imezama, mbele inainuka na usukani unaanza kutangatanga. Kwenye matope hilo si jambo la kuchekea. Bwana Wafula, afisa wetu wa usafiri, alipata habari za kuanguka. Wafula hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutulia, mwoga wa ajali, na aliwahi kumzika dereva. Akaniita pembeni.

"Fundi, huyu mama ataumia. Mwisho wa mwezi nitamrudisha Kisumu akae store ya dawa. Eneo yake tumpatie mtu mwembamba."

"Nipe nafasi, Bwana Wafula. Springi ndiyo nyembamba."

"Nafasi ni mpaka hiyo mwisho wa mwezi," akasema.

Sista alipoambiwa hakucheka. Aliketi kwenye ile benchi yetu ya viti vya gari, helmeti mapajani.

"Fundi, hawa watoto wa huko wote nimewadunga mimi. Kuna wengine nimedunga na mama zao nilidunga. Mtu mgeni akienda, wale mama wa ndani kabisa hawatatoka nje. Watasema watoto wamelala." Akaniangalia. "Mimi kwa store nitahesabu nini? Chupa?"

Nilimwonea uchungu, na nilijionea uchungu mimi pia, maana fundi akishindwa na springi, anabaki na nini?

Nikaanza kazi. Nikaibana springi ile ya zamani mpaka alipoikalia ikashuka theluthi barabara. Lakini aliposhuka yeye, pikipiki ilisimama imekakamaa, haikushuka peke yake hata unene wa kidole. Hapo vijana wengi hufurahi wakafunga kazi. Mzee Harbans alishastaafu wakati huo, akikaa kwenye duka la mwanawe la vyuma, nikamwendea na vipimo vyangu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Springi iliyobanwa bado ni springi laini," akasema kwa Dholuo. "Umeikaba shingo tu. Tafuta iliyo nene."

Ndiyo hivyo. Ikishuka sawasawa chini ya mtu lakini ikakataa kabisa kushuka ikiwa peke yake, springi ni dhaifu kwa mtu huyo, hata uikaze namna gani. Nilikwenda soko la Kibuye, nyuma kabisa, kupita mitumba na nyanya, kwa wale wanaouza pikipiki zilizochinjwa. Nilitafuta waya mnene zaidi, mizunguko michache zaidi, lakini urefu na upana wa ndani ule ule. Muuzaji alidhani nina wazimu kwa sababu nilipima springi moja moja kwa futi ya fundi nguo, na akamwambia mwenzake kwamba labda nataka kushonea pikipiki suruali. Niliipata nusu iliyofunikwa na magunia, ya pikipiki kubwa zaidi. Nikaiosha na kuifunga. Sista alipanda na helmeti, gambuti, begi na kisanduku cha barafu cha chanjo. Vipimo vyote vitatu vilikubali. Niliimba.

Baada ya wiki moja alirudi. Nilitia mkono chini ya madigadi, vidole vikatoka vyeusi vya mpira. Nyuma ilikuwa bado inagonga.

"Sista, unabeba nini?"

"Hiyo hiyo tu, Fundi. Box na begi."

"Hakuna kingine?"

"Aki ya Mungu tena."

Sista Atieno hakuwa mwongo. Hicho ndicho kilichonitesa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku chache, na springi ilikuwa sahihi, na vipimo vilikuwa sahihi, na pikipiki ilikuwa inasema tofauti. Mzee alisema uliza pikipiki. Basi nikachukua pikipiki ya akiba, futi mfukoni na spana ya ndoano mshipini, nikamfuata kutoka Awasi asubuhi na mapema.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Jamani, nilijivuna. Yule mama alivuka mitaro amesimama juu ya vikanyagio, nyuma ikishuka na kupanda kwa utulivu, haigusi wala hairuki. Kwenye udongo mbaya mimi ndiye niliyeanguka. Alinisubiri, akanitazama nikijipangusa, hakusema neno. Wema wake ulikuwa mkubwa siku hiyo.

Boma la kwanza alidunga watoto wanne. Tulipokuwa tunafunga kisanduku, bibi mwenye nyumba akatoka jikoni na kuku aliyefungwa miguu.

"Aa, mama, usijisumbue," Sista akasema, na mikono yake tayari imempokea kuku.

Boma la pili walitoa viazi vitamu, furushi la kujaa kiti. La tatu ni mchele wa Ahero, wa kwao wenyewe, gunia dogo. Penye vijiji vya ufukweni wakaongeza mkungu wa ndizi na mfuko wa dagaa wa omena, na mzee mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa amepona surua akatoa samaki, ngege wawili wakubwa waliofungwa kwa kamba ya ukindu. Kila mara Sista alisema usijisumbue, na kila mara alifunga kitu nyuma, mbali kabisa juu ya taa ya nyuma. Mimi mwenyewe nilipewa jogoo, kwa sababu tu nilikuwa nimekuja. Nilimpokea. Nani angemkataa?

Tulipogeuza kurudi nilitazama pikipiki yake kwa nyuma. Tairi lilikuwa limeingia ndani ya madigadi.

"Sista, simama! Hii yote ni nini?"

Aligeuka akatazama, akashangaa kwa dhati, kama mtu anayeonyeshwa kivuli chake.

"Hii? Hii si mzigo, Fundi. Hii ni heshima."

"Sasa hiyo heshima iko kilo ngapi?"

Akaangua kicheko kilichowatoa watu mashambani. Nikacheka naye mpaka jogoo wangu akaanza kupiga kelele kwenye usukani.

Lakini hamtanielewa mkidhani ni yeye peke yake aliyekosa kuona. Mimi pia nimezaliwa huku. Tangu utotoni sijawahi kutoka boma la watu mikono mitupu, na haikunijia kichwani hata mara moja kumwuliza unarudi na nini. Nilimwuliza anabeba nini, naye akanijibu anachobeba. Kilichowekwa mikononi mwako na mwenyeji hakiitwi mzigo.

"Huwezi kukataa kidogo?" nilimwuliza.

Akaacha kucheka. "Nilikataa mara moja, nilikuwa mgeni kwa kazi. Kuku ya nyanya mmoja. Nikasema serikali inanilipa. Fundi, huyo nyanya hajaleta mtoto tena. Nilienda mara tatu. Watoto wamelala."

Basi tulimpima palepale njiani, ameketi na kila kitu, mchunga ng'ombe mmoja akimshikia usukani. Nililala kifudifudi kwenye majani na futi yangu. Nilihamisha vitu vizito, mchele na viazi, nikavileta mbele vigusane na mgongo wake, maana kilo iliyo nyuma ya ekseli inavuta kama mbili. Kisha nikakaza pete kwa spana ya Mzee Harbans mpaka nyuma ikainuka mahali pake, na ile skrubu ndogo iliyo chini ya shokapu nikaikaza kidogo ili springi isirudi kwa kishindo ikamrusha. Kuku wa kwanza alinidonoa sikio wakati wote huo. Alama ninayo.

Alikwenda mbele. Mtaro ule wa Kano uliomwangusha aliuvuka bila kupunguza mwendo. Upande wa pili alisimama, akainua ngumi moja juu, hakugeuka. Nilijisikia kulia, na nikasema ni vumbi ingawa kila mahali palikuwa matope.

Gereji niliweka alama mbili za rangi kwenye pete yake, nyeupe ya kwenda na nyekundu ya kurudi. Nikatafuta chuma cha springi ya lori nikamchongea spana ya ndoano, nikaisugua kwa tupa wakati wa chai. Nilimfundisha mara moja tu. Mwisho wa mwezi Bwana Wafula alikuja mwenyewe, akapitisha vidole chini ya madigadi, akavitazama. Vilikuwa safi.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa nampima anavyoenda. Sasa nampima anavyorudi."

"Abaki na pikipiki," akasema, akaenda. Jumatatu iliyofuata alikuta kuku mlangoni pa ofisi yake, amefungwa miguu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwingiza ndani.

Kutoka siku hiyo nililijaza gunia mchanga, nikaliandika jina, na kila nesi, kila afisa wa mifugo aliyeletewa pikipiki kwangu alipimwa mara moja bila gunia na mara moja nalo. Wageni kutoka Nairobi walidhani ni mzaha wa kijaluo, mpaka walipokaa mwezi mmoja vijijini.

Imebaki siku yangu ya mwisho. Ninyi mlikuwepo lakini mlikuwa mnakula. Mlinipa jiko la gesi, blanketi, na yule kondoo ambaye bado sijamsamehe aliyemleta. Kondoo nilimwacha apelekwe kwa gari. Vingine nilivifunga kwenye pikipiki yangu mwenyewe, pamoja na mchele na kuku watatu kutoka kwa manesi, nikawasha. Nikasikia sauti ninayoijua. Tairi lilikuwa linasugua madigadi.

Kabla sijasogea, mtu akaizima pikipiki na kuchomoa ufunguo. Alikuwa Sista Atieno, naye ana mvi sasa, ametoka Awasi na gambuti zake. Hakunisalimia. Alichomoa mshipini mwake ile spana niliyomchongea, akapiga magoti pale kwenye kokoto, mzima mzima, akatoa futi.

"Fundi, kaa vizuri. Si vile unakaa ukiangaliwa."

Nikakaa. Katika miaka yote niliyopima watu, hakuna aliyewahi kunipima mimi tangu siku ile niliyokuwa padri. Nimenenepa tangu wakati huo, si kidogo. Nilikuwa na kuku mikononi na sikuweza hata kujifuta macho, nikaacha yatoke.

"Hii yote ni heshima yako," akasema akiwa chini, akizungusha pete. "Ni mingi, yawa."

Hakuniuliza kilo zangu. Alikaza mpaka futi ikakubali kipimo cha kurudi, akasimama kwa kushikilia bega langu, akanirudishia ufunguo. Niliondoka polepole kwenda nyumbani, na njia nzima nyuma haikugusa.